Mdogo wangu kaniuliza: "Ungejua mapema kuhusu mtoto, ungefanyaje?" Hajui kwamba nilijua

MAMA WA WETE (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi ni mrefu. Naomba mtu asome mpaka mwisho kabla hajachangia, maana anayeishia katikati atanielewa kinyume.

Mdogo wangu ana mimba ya wiki ya 11. Ana miaka 36. Juzi alikuja nyumbani tukakaa uani kuchambua karafuu, na mwanangu wa mwisho katikati yetu juu ya jamvi. Ana miaka minne, ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na akili. Sisi wakubwa tunachukua kishada, tunakisugua kiganjani, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, tunamwaga. Yeye anashika kishada kwa vidole viwili na kuvunja karafuu moja moja. Moja anaitia kwenye kikapu chake, anaitazama imefika, ndipo anarudi kwa nyingine. Katika kikapu chake huokoti konyo hata moja. Mdogo wangu akamwangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, wewe ungejua mapema, ungefanyaje?"

Nilijua mapema. Tuliojua ni watatu: mimi, mume wangu, na dada yetu mkubwa aliyeko Maskati. Sikumjibu mdogo wangu pale pale, koo lilikauka. Nalisema hapa kwanza, halafu nitamwambia yeye.

Ilikuwa hivi. Nilipata mimba nikiwa na miaka 39. Dada wa Maskati akashikilia nipime vinasaba, kwamba huko aliko wenye umri wangu wanapima, na gharama akalipa yeye. Tukapanda boti hadi Dar, kiliniki moja ya binafsi, wakanitoa damu ya mkononi, kichupa kimoja tu, wakasema inapelekwa nje ya nchi. Nilikuwa wiki ya 12. Hakuna aliyenikalisha akaniambia kipimo hiki kinatafuta nini na jibu lake likija nitalifanyia nini. Nilitia saini karatasi ambayo sikuisoma.

Siku ya kumi na sita simu ikaita, niko soko la samaki hapa Wete. Sauti ya kijana, ana adabu lakini ana haraka. Akasema majibu yametoka, hatari ni kubwa, kromosomu ya 21, yaani Down, "na kama mnataka kuchukua hatua, amueni upesi." Mwenye samaki alikuwa ameshikilia changu mkononi ananiuliza akate vipande au nachukua mzima. Nilimwambia mzima. Nilifika nyumbani nikamwacha samaki kwenye mfuko mpaka akaharibika.

"Kuchukua hatua." Hakusema kutoa mimba, na hakusema hatua nyingine yoyote. Kumbe hatua zilikuwapo nyingi, nikazijua baadaye kwa kuhangaika mwenyewe. Kwamba kipimo kile kinachunguza uwezekano tu, hakithibitishi. Kwamba kuthibitisha ni kwa sindano ya tumboni inayochota maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, nayo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba, chini ya moja katika mia. Kwamba karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo anayejua mapema anaweza kupanga azalie wapi na moyo wa mtoto uangaliwe wiki ya kwanza. Hilo la moyo hakuna aliyeniambia, na ndilo lililokuwa na maana kuliko yote.

Mume wangu nilimwambia usiku. Hakusema neno. Siku tatu hakusema neno, na siku tatu hizo nilimchukia, Mungu anisamehe. Siku ya nne nilikuwa na kiliniki. Nikatoka, namwona anafunga mlango nyuma yangu, kavaa kofia yake, tunakwenda wote. Alikaa kwenye benchi baina ya wanawake kumi na kitu, mwanamme peke yake, ameshika kadi yangu kwa mikono miwili. Tangu siku ile hakukosa hata mara moja. Sindano ya tumboni tuliikataa, kwa sababu lolote ambalo ingesema lisingebadilisha tutakalofanya.

Mtoto alizaliwa. Moyo ulipoangaliwa, una tundu. Mume wangu akakodisha mikarafuu yake kumi na miwili kwa misimu miwili, fedha ikatupeleka Dar, na mtoto akiwa na miezi minane akafanyiwa upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Misimu miwili ile tulikuwa tunapita chini ya mikarafuu yetu tunawaona wengine wanaichuma. Ndiyo karafuu hizi tunazochambua sasa, msimu wa kwanza tangu miti iturudie.

Sasa ninaloamini mimi. Watu wanabishana kama kipimo hiki ni halali au haramu, ni maendeleo au ni ukatili. Mimi naona swali linalotangulia ni moja: mtoto huyu mumempokea, au mnangoja majibu ndipo mumpokee? Mume na mke wakae waliseme hilo kabla ya mkono kutolewa damu. Wakiwa wameshampokea, wapime, faida ipo kubwa. Wakiwa wanasema "tutaona", basi wajue wanaingia mahali ambapo simu itawakuta sokoni, na wana siku chache, na mwanamke ndiye atakayebeba peke yake.

Na jambo la pili, hili kwa sisi tunaosema "mtoto ni amana". Siku ya arubaini yangu nyumba ilijaa. Kila mtu kaniambia subira, kaniambia mtihani, kala pilau, kaondoka. Aliyerudi kushika mtoto ili nilale saa mbili ni mmoja, jirani yangu, na wala si ndugu. Tukimtaka mwanamke asitoe mimba, tumweleze nani atashika mtoto.

Karibuni. Nataka kumjibu mdogo wangu vizuri.

---

MKUNGA MSTAAFU, UNGUJA

Waalaykum salaam mwanangu. Nimezalisha kwa miaka 31, hayo ya "simu sokoni" yameniuma sana. Jibu kama hilo halitolewi kwa simu kwa mtu ambaye hukuwahi kumkalisha chini.

Niongeze hesabu, maana wengi hawaambiwi. Kipimo hiki kinasoma vipande vya vinasaba vinavyotoka kwenye kondo la nyuma na kuelea katika damu ya mama. Daktari Dennis Lo na wenzake waliviona mwaka 1997, na vipimo vikaanza kuuzwa 2011. Ni kipimo kizuri kweli. Lakini chukueni wanawake 10,000 wenye miaka 25. Katika umri huo mtoto mmoja katika kama 1,250 huwa na Down, yaani watoto 8. Tuseme kipimo kinamkosea mwanamke mmoja tu katika kila 1,000. Hao ni 10 watakaoambiwa "hatari kubwa" na mtoto hana kitu. Jumla waliotishwa ni 18, na zaidi ya nusu yao wametishwa bure. Chukua sasa wenye miaka 40, ambapo ni mmoja katika 100: watoto 100 wenye Down, na waliotishwa bure ni wale wale 10. Kipimo ni kile kile, lakini karatasi ya msichana na karatasi ya mtu mzima hazisemi kitu kimoja.

Mdogo wako ana miaka 36, yuko katikati. Akipima akapata jibu la hatari, asilichukue kuwa ndiyo basi.

Na mwambie asidhani Down ni ya watu wazima tu. Watoto wengi wenye Down nimewapokea kwa mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi.

---

BABA WA WATATU, CHAKE

Dada, pole na hongera. Mimi naingilia kwa mlango mwingine, siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mimi na mke wangu ni watoto wa ndugu wawili. Posa ilikwenda haraka, kila mtu kafurahi, hakuna aliyefikiria damu. Sote wawili ni AS, yaani tunaibeba siko seli bila kuugua. Mtoto wa pili alipofika miezi minane, asubuhi moja vidole vyake vimevimba kama ndizi ndogo, mikono yote miwili, hataki kuguswa. Mama mkwe akasema kaumwa na mdudu. Shangazi akasema kuna mtu. Tukazunguka na mafuta na hirizi wiki mbili, mtoto analia mpaka sauti inakatika. Daktari mmoja kijana alipoviona vile vidole tu akaagiza damu, na hapo ndipo tukajua sisi ni akina nani.

Naomba watu wa kwetu wajue si laana wala uchawi. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mwenye AS anakingika na malaria kali. Bahari yetu hii na mbu wake ndiyo iliyowahifadhi mababu wenye AS, wakatuzaa sisi. Ikikutana AS na AS, kila mimba ni hesabu mpya: robo SS (mgonjwa), nusu AS, robo AA (hana kabisa). Mtu hawezi kusema "nimeshapata mmoja mgonjwa, watakaofuata ni wazima". Tanzania iko katika nchi chache duniani zinazopata watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, zaidi ya 11,000 kila mwaka.

Kuipima siko seli kwa mtoto aliye tumboni kunawezekana tangu 1978. Lakini kwetu sisi kipimo chenye maana ni cha kabla ya posa. Saudi Arabia tangu 2004 wanaotaka kuoana lazima wapime siko seli na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Wanapewa majibu, na uamuzi unabaki kwao. Kwa nini sisi mahari tunaijadili mwezi mzima na damu hatuiulizi hata siku moja?

---

MTU WA NG'AMBO

Mimi nitasema wasilotaka kusema wengine. Sisi ni masikini. Wenzetu Denmark tangu 2004 kila mjamzito anapewa nafasi ya kuchunguzwa, na karibu wote wanaopata jibu la Down wanatoa mimba. Hao wana fedha, wana skuli, wana kila kitu, na bado hawawezi. Wewe wa Pemba mwenye mikarafuu kumi na miwili utaweza vipi? Mapenzi hayanunui dawa. Na wewe ukifa mtoto ataachiwa nani? Namheshimu dada mwenye uzi, ila naona tunawabebesha wanawake mzigo kwa maneno ya dini.

---

MAMA WA WETE

Kaka yangu wa Ng'ambo, hujanikera, umeuliza swali ninaloamka nalo saa nane za usiku. Nikifa ataachiwa nani. Sina jibu kamili. Nina wakubwa zake wawili, nimewaanza mapema kumjua, na mkubwa ndiye anayempeleka chuo cha Kurani.

Lakini iangalie tena hoja yako ya Denmark. Kama wenye fedha na skuli nao wanatoa, basi umasikini siyo sababu. Kuna kitu kingine kinachowaambia wazazi kwamba maisha haya hayafai kupokewa, na kitu hicho hakiondoki kwa kuongezewa mshahara. Nami nimekiona hapa hapa Wete, katika macho ya watu ndani ya gari, mtu anahamisha mtoto wake asikae karibu na wangu.

Na dawa umesema kweli, mapenzi hayanunui. Ila mwaka 1983 kule Marekani mtu mwenye Down alikuwa akitarajiwa kuishi kama miaka 25, na sasa ni karibu 60. Vinasaba ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mioyo yao inatibiwa na hawafungiwi tena majumbani.

---

MSOMAJI, VITONGOJI

Mimi si mufti, mwenye jambo lake aende Ofisi ya Mufti. Lakini kwa sababu dini imetajwa niweke nilichosoma kwa wanazuoni.

Hadithi ya Ibn Mas'ud katika Bukhari na Muslim inataja siku arubaini, arubaini, arubaini, kisha roho inapulizwa. Ndiyo siku 120. Baraza la Fiqhi (sheria za dini) la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, lilipokutana Makka mwaka 1990 lilisema kwamba baada ya siku hizo mimba haitolewi hata mtoto akiwa na kasoro, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Kabla ya hapo, likaruhusu kwa masharti: kasoro iwe kubwa isiyotibika, ithibitishwe na jopo la madaktari waaminifu, na wazazi wote wawili watake. Kuna wanazuoni, na katika Mashafii wamo, wanaokataza hata kabla ya siku 120. Kwa hiyo anayesema "dini imeruhusu" na anayesema "dini imekataza kabisa" wote wamefupisha. Na sheria ya Zanzibar yenyewe hairuhusu, ila kuokoa maisha ya mama.

Jambo dogo ambalo watu hukosea: kadi ya kiliniki inahesabu tangu hedhi ya mwisho, siku 120 zinahesabiwa tangu mimba kutunga. Ni kama wiki ya 19 ya kadi. Ukitia hesabuni sindano ya wiki ya 15 au 16 na majibu ya kungoja wiki mbili tatu, unaona mtu anavyosukumwa mpaka ukingoni.

Niulize na hili. Down ni "kasoro kubwa isiyotibika"? Nimemsoma mtoto wa dada na kikapu chake cha karafuu, na kwangu mimi hapana.

---

MAMA PEKEE, MICHEWENI

Nimesoma yote nalia. Mimi sikupima kitu, nilikuwa na miaka 23. Mtoto alipozaliwa mume wangu alimtazama, akasema katika ukoo wao hakuna kitu kama hiki. Kabla mtoto hajatambaa nikapewa talaka. Alioa, ana watoto wengine, Idi mbili zimepita hakuleta hata nguo.

Dada Mama wa Wete, mume wako alikaa kwenye benchi. Mimi nampenda mwanangu kwa roho yangu yote, lakini niseme kweli mbele ya Mungu: ningejua mapema, na ningejua kwamba huyu mwanamme ataondoka, sijui ningefanya nini. Asije mtu akanihukumu kwa hilo. Mnapowaambia wanawake "mpokee mtoto", wa kwanza kuambiwa awe mwanamme.

---

BABA WA WATATU, CHAKE

Mama Pekee, nimekusoma mara mbili. Sina cha kujitetea kwa niaba ya wanaume.

Nilitaka kuandika kwamba mimi sikuondoka, kisha nikajiona. Miaka mitatu ya mwanzo sikuondoka nyumbani lakini usiku nilikuwa nageukia ukutani. Dawa ya penisilini mara mbili kwa siku aliitoa mama yake. Kipupwe kikija, baridi ya alfajiri ndiyo inayomwamsha mtoto na maumivu ya mifupa, aliyekuwa anapasha maji na kumkanda ni mama yake. Mimi nilileta fedha nikaona nimetimiza. Nilianza kuamka siku mke wangu alipoanguka jikoni kwa usingizi, kikombe mkononi. Sasa mtoto ana miaka kumi, anatumia haidroksiurea, dawa ya siko seli, mwaka huu amelazwa mara moja tu. Damu alipoihitaji nilitoa, na nimewashika ndugu zangu wanne nao wakatoa.

---

MKUNGA MSTAAFU, UNGUJA

Mama Pekee mwanangu, hakuna wa kukuhukumu hapa. Watafute Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, wapo Pemba pia, utakutana na kina mama wenzio. Na haki ya mtoto kutunzwa na baba yake haifi kwa talaka. Kwa kadhi hilo linasikilizwa, nenda na cheti cha kuzaliwa, usione haya.

---

MAMA WA WETE

Nimekaa na maneno ya Mama Pekee tangu jana. Kweli niliandika kana kwamba wawili wakikaa wakasema, basi limekwisha. Nilikuwa naandika kutoka kwenye nyumba ambayo mwanamme alivaa kofia akafuata. Nalirekebisha hapa. Mwanamke ambaye hana huyo mtu, mimi siwezi kumwekea sharti lolote. Dada yangu wa Micheweni, nimekutumia ujumbe wa faragha. Kutoka kwako mpaka kwangu ni gari moja tu, na Jumamosi mimi nipo.

Sasa la mdogo wangu. Jana usiku nilikwenda kwake. Nilimwambia kwamba nilijua, nikamweleza yote, simu, samaki, siku tatu za ukimya. Alinuna kwanza, kwa nini nilimficha miaka minne. Ana haki. Nilimwambia niliogopa kila mtu atakayemtazama mwanangu afikirie "huyu wangeweza kumwepuka". Akalia, nami nikalia.

Mume wake alikuwa ukumbini anasikia. Akaingia, akakaa chini, akauliza swali ambalo sikutegemea kwake: "Shemeji, hilo la moyo, linaonekana lini?" Nikamweleza utrasaundi ya kama wiki ya 20. Wakazungumza wenyewe mbele yangu. Kipimo cha damu cha Dar hawajaamua. Alichosema mume ni kwamba wakikifanya, majibu wataitwa wote wawili na wakae na daktari, simu hapokei mtu. Na siko seli watapima wiki hii hii, yeye na mke, kwa sababu kumbe nao hawakuwahi.

Jumatatu ana kiliniki. Shemeji ameomba ruhusa kazini. Kaniuliza saa ngapi wanawake huanza kupanga foleni, nikamwambia saa moja asubuhi awe ameshafika.